Chumba baridi cha samaki: kifaa cha kufuatilia kwa mbali chasoma joto juu, tangi lasoma chini ya sifuri, taa ya NET haitulii

Baridi_Liwatoni

Salaam aleikum mafundi. Kuna kifaa cha kufuatilia kwa mbali kilichofungwa kwenye chumba baridi cha samaki upande wa Liwatoni, Mombasa, na mambo matatu yamekataa. Naeleza kwa urefu ili mwenye kujua asilazimike kubahatisha.

Kifaa chatumia volti 12 kutoka kwa adapta ya ampea 0.5. Adapta iko ofisini, mita 18 mbali, na imevutwa kwa waya mwembamba wa spika. Kifaa kina chaneli moja ya PT100 (sensa ya joto ambayo ukinzani wake hubadilika na joto) ya nyaya tatu, chaneli nne za 4-20 mA, yaani sensa zinazotuma kipimo kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20 (kila moja ina resista ya omu 250 ndani), na nne za swichi kavu, zisizo na umeme wake. Modemu ni SIM800C, laini ni ya Safaricom.

La kwanza ni joto. Kipimajoto cha mkono ndani ya chumba chaonyesha −18, kifaa chaonyesha karibu −12. Kebo kutoka kwa sensa ni mita 35, ya nyaya mbili, unene milimita mraba 0.5. Kwa kuwa nyaya ni mbili tu, nyekundu mbili za PT100 zimefungwa pamoja kwenye kiungo, na upande wa kifaa terminali mbili zimeunganishwa kwa kipande cha waya.

La pili ni tangi la maji la chini, lenye kina cha mita 3. Sensa yake ni ya kuzamishwa, nyaya mbili, kipimo 0 hadi mita 5. Ya kahawia imeingia AI1+ (chanya ya chaneli ya kwanza ya 4-20 mA), ya buluu AI1−. Skrini yaonyesha mita −1.25 na taa ya chaneli ni nyekundu.

La tatu ni taa. PWR (umeme) ni kijani na imetulia. RUN (programu) yapepesa polepole. NET (mtandao) yapepesa karibu kila sekunde, pengine yapunguza mwendo kidogo, halafu taa zote zazima kwa pamoja na kifaa chaanza upya. ALM (kengele) nyekundu haizimi. Ujumbe haufiki kwenye simu.

Swichi ya mlango haina shida. Relei ya kuonyesha stima imepotea pia yaitika. Imefungwa kwenye fezi moja.

---

mitambo_kisauni

Aleikum salaam kaka. Joto ni rahisi: ingia kwenye mipangilio, weka ofseti (namba ya kusahihisha kipimo) ya −6, basi, zitalingana. Tangi halipati umeme. Sensa ya nyaya mbili haina nguvu yake yenyewe, ilishe kutoka kwenye hizo volti 12 zilizopo. NET ni laini: itoe, itie kwenye simu ya kawaida, ondoa PIN, hakikisha imesajiliwa na ina salio, kisha uirudishe.

---

BiVipimo

Fundi wa Kisauni, kwenye laini nakuunga mkono. Kwenye ofseti nakataa kabisa, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo samaki wa watu wanapoharibika huku taa ni kijani.

PT100 ina omu 100 kwa nyuzi sifuri, na hupanda takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Kwa −18 ni kama omu 92.95. Sasa tazama kebo ya Kaka Liwatoni. Mita 35 kwenda na 35 kurudi ni mita 70. Shaba ya milimita mraba 0.5 ina karibu omu 34.5 kwa kilomita, na nyaya laini za nyuzinyuzi hufika hata 39. Hiyo ni omu 2.4 hadi 2.7 juu ya sensa. Gawanya kwa 0.39, wapata nyuzi 6 hadi 7. Ndiyo tofauti unayoiona. Kifaa hakina kosa, na sensa pia huenda haina kosa. Kinachopimwa ni sensa pamoja na kebo.

Waya wa tatu kazi yake ni hiyo hiyo: kifaa hupima ukinzani wa waya mmoja kupitia ule wa tatu na kuutoa kwenye hesabu. Kwa hiyo nyaya tatu lazima ziwe na urefu na unene sawa, na lazima zifike tatu hadi kwenye sensa. Ukiunganisha terminali mbili kwenye kifaa, umekiambia kwamba kebo haina ukinzani wowote. Kama sensa yenyewe ina nyaya mbili tu, kipande cha kuunganisha hukaa kule kwenye sensa, kamwe si kwenye kifaa.

Sasa ofseti. Leo ukiweka −6, namba zitalingana. Baadaye fundi mwingine anakuja kurekebisha, anavuta kebo nzuri ya nyaya tatu, hajui kwamba kuna ofseti ndani. Kuanzia hapo kifaa kitasoma nyuzi 6 baridi kuliko ukweli: chumba kiko −12 na skrini yasema −18. Samaki waliogandishwa wanatakiwa kukaa −18 au chini yake, na hakuna kengele itakayolia. Kosa lililopo sasa angalau lakosea upande wa salama, kwa sababu lapiga kelele bure. Zaidi ya hayo, kiungo kilichosokotwa kwa mkono kwenye hewa ya chumvi kama yetu hupata kutu ya kijani, na ukinzani wake hupanda miezi ikienda. Ofseti haiwezi kufuatana na kutu.

Fanya hivi kabla hujanunua kitu. Chomoa sensa pale kwenye kiungo, pima kwa multimita kati ya nyekundu na nyeupe. Kisha irudishe, nenda upande wa kifaa, chomoa kwenye terminali, pima tena ncha mbili za kebo. Lete namba zote mbili hapa. Kumbuka kugusanisha ncha za multimita kwanza uone inasoma ngapi zenyewe, mara nyingi 0.2 hadi 0.5, uitoe.

Wataka kuijua sensa yenyewe, itie kwenye barafu iliyosagwa iliyochanganywa na maji baridi kidogo, koroga, subiri dakika chache: omu 100.0. Tumia barafu safi ya maji ya bomba. Ile iliyokwisha kulaliwa na samaki ina chumvi, na chumvi huishusha chini ya sifuri, utailaumu sensa bure.

Tangi: −1.25 si namba ya ajabu. Mlingano wa kifaa ni mkondo toa 4, gawanya kwa 16, zidisha kwa mita 5. Weka mkondo sifuri, wapata −1.25 kamili. Yaani hakuna hata miliampea moja inayopita, na ndiyo sababu taa ya chaneli ni nyekundu. Vifaa vingi huhesabu chini ya mA 3.6 kuwa waya umekatika. Sensa hiyo yafungwa hivi: chanya ya umeme kwenye waya wa kahawia, buluu kwenye AI1+, na AI1− kwenye hasi ya umeme. Angalia lebo ya sensa, rangi hubadilika kwa kila mtengenezaji. Chunga usiguse AI1+ moja kwa moja kwa volti 24: kwenye omu 250 zapita karibu mA 96, zaidi ya wati 2, na resista ndogo ya ndani itaungua. Fyuzi ya mA 50 kwenye waya wa chanya ni bei ya chai.

---

Mawimbi_Msa

Nami nishike taa, maana hapo sioni laini ikiwa ndiyo shida kubwa.

Taa husomwa kwa mpangilio, kuanzia umeme kuja juu. PWR husema tu kwamba volti zipo, haisemi kama zatosha. RUN ikipepesa kwa mwendo mmoja, programu yaenda. Kwenye vifaa vingi ikiganda, iwe imewaka au imezima, kifaa kimekwama. Ukishapita hizo mbili ndipo NET ina maana. ALM huwa ya mwisho, kwa sababu yaweza kuwashwa na chaneli yoyote. Hapo kwako tangi peke yake latosha kuiwasha, kwa hiyo iache kwanza.

Kwa SIM800C, kama taa ya NET imeunganishwa moja kwa moja na modemu, alama zake zajulikana. Ikiwaka kidogo na kuzima milisekunde 800, bado yatafuta mtandao. Ikiwaka kidogo na kuzima sekunde 3, imesajiliwa. Ikipepesa haraka sana, kuzima milisekunde 300, data imefunguka. Watu wengi huchanganya ya kwanza na ya mwisho kwa macho. Irekodi kwa kamera ya simu, hesabu mipepeso ya sekunde 10: kama 11 au 12 yatafuta, 3 imesajiliwa, 25 na zaidi iko kwenye data.

Sasa dalili yako: yatafuta, yapunguza mwendo, halafu kila kitu chazima na kuanza upya. Laini yenye PIN haizimi kifaa kizima. Huo ni umeme. Modemu za 2G zikirusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa volti 4 hivi, yaani wati 8 kwa kitambo kidogo. Kutoka kwenye volti 12 hiyo ni kama ampea 0.8 ukihesabu hasara. Adapta yako ni ya 0.5, na waya wa spika wa mita 18 huongeza zaidi ya omu moja. Modemu ikijisajili ndipo inaporusha kwa nguvu zaidi, volti zaporomoka, kifaa chajizima. Kisha chaanza tena, milele.

Usiitegemee multimita kukuonyesha hilo. Mrusho mmoja ni mikrosekunde 577, multimita itakuandikia 12.0 nawe utaapa kwamba umeme ni mzuri. Jaribio la haki ni kuchukua betri ya volti 12 ya Ah 7 iliyojaa, uifunge kwenye kifaa kwa nyaya fupi nene, na uangalie. Kama kuzima kumekoma, umepata jibu. Dawa ya kudumu ni ugavi wa volti 12 ampea 2 ndani ya boksi lile lile, na kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25 kwenye terminali za kifaa.

Antena iko wapi? Kama iko ndani ya boksi la chuma, au imebanwa nyuma ya paneli za chumba baridi ambazo ni bati pande zote mbili, mawimbi hayapiti. Itoe nje, isimame wima, mbali na kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya kompresa. Kama kifaa chakubali amri, uliza AT+CSQ (nguvu ya mawimbi). Namba 10 ni −93 dBm, hiyo yafaa. Chini ya 7 ujumbe utakuwa wa kubahatisha, 99 ni kwamba haijui kitu. APN (jina la kuingilia data ya mtandao) ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data. Ujumbe mfupi hauhitaji APN, kwa hiyo jaribu huo kwanza, uachane na mambo ya seva hadi ufike.

---

Baridi_Liwatoni

Shukran sana. Majibu ya vipimo:

PT100 kwenye kiungo, chumba kikiwa −18: omu 93.0. Upande wa kifaa: 95.4.

Kwa betri kifaa hakijazima tena. NET yapepesa kila sekunde 3 na ujumbe umefika simuni. Antena ilikuwa ndani ya boksi la chuma, sasa iko nje.

Tangi nimelilisha kutoka volti 12 kama alivyosema fundi wa Kisauni, kwa mpangilio wa Bi Vipimo. Taa ya chaneli imekuwa kijani. Lakini tangi limejaa pomoni na skrini yagoma kwenye mita 1.25, haipandi. Maji yakishuka chini ya hapo, yasoma vizuri.

---

BiVipimo

Omu 2.4 tofauti, kama hesabu. Sensa yako ni nzima. Vuta kebo ya nyaya tatu, zote 0.5 au 0.75, yenye ngao ya wavu, usiiambatanishe na kebo ya kompresa. Kama kuivuta upya ni tabu, badala yake weka kigeuzi cha PT100 kwenda 4-20 mA karibu na sensa, nje ya chumba, na nyaya zako mbili zilizopo zitatosha, kwa sababu mkondo haubadiliki kwa urefu wa kebo. Chaneli za 4-20 unazo tatu za akiba. Mimi ningechagua hilo kwa mita 35, ila panga kipimo cha kigeuzi kiwe −50 hadi +50 kisha uandike kipimo hicho hicho kwenye kifaa. Na kagua kama kuna ofseti iliyoachwa ndani, iwe 0.

Kuhusu tangi, angalia hesabu. Sensa nyingi za aina hiyo zahitaji angalau volti 10 zenyewe. Una 12. Zabaki volti 2 za kusukuma mkondo kwenye omu 250: 2 gawanya kwa 250 ni mA 8. Na mA 8 kwa sensa ya mita 5 ni mita 1.25. Sensa yataka kutoa zaidi lakini haina nguvu ya kufanya hivyo. Hili ni baya kuliko waya uliokatika, kwa sababu taa ni kijani na namba yaonekana ya kweli. Mlinzi ataamini tangi halijai na ataacha pampu iendelee.

Nunua kigeuzi kidogo cha volti 12 kwenda 24, ukiweke baada ya betri ili sensa isipotee stima ikikatika. Kwa 24 una nafasi kubwa. Kisha hakiki kwa multimita ikiwa kwenye mfululizo: sensa ikiwa hewani mA 4.0, maji mita 1.5 mA 8.8, mita 3 mA 13.6. Zikilingana hizo tatu, usiguse kitu.

Jambo moja la sensa za kuzamishwa. Ndani ya kebo yake kuna kijibomba chembamba cha hewa, ili ilinganishe shinikizo la maji na la anga. Ncha ya juu isizibwe kwa silikoni wala tepu, na isiachwe wazi kwenye unyevu. Iishie kwenye boksi dogo kavu lenye silika jeli, kebo isipigwe kona kali. Unyevu ukiingia na kugeuka maji humo, kipimo chaanza kuyumba na hali ya hewa. Na kama maji ya tangi ni ya kisima, onja: visima vingi vya huku ni vya chumvi, na chuma cha pua cha 316 hutobolewa na chumvi vishimo vidogo vidogo. Hapo tafuta ya titani.

---

Kontakta_Changamwe

Naongeza machache ambayo hayajaguswa.

Relei ya stima kwenye fezi moja haitoshi kama kompresa ni ya fezi tatu. Ikipotea fezi nyingine, relei yako itaendelea kusema stima ipo huku kompresa yanguruma na kujikata kwa joto. Weka relei ya kuangalia fezi, ile inayoona zote tatu za volti 415, mpangilio wake na upungufu. Tumia mguso unaofungwa wakati stima iko sawa, na kifaa kiambiwe kwamba kufunguka ndiyo kengele. Hivyo hata waya wa swichi ukikatwa na panya, kengele italia. Mlango vilevile: mguso ufungwe mlango ukiwa umefungwa. Nyaya za 240 na 415 zisichanganywe na nyaya za sensa kwenye boksi moja bila kizuizi, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya).

Ngao ya kebo: unganisha na athi upande wa kifaa peke yake. Upande wa sensa ikate, uifunge tepu. Ukiiunga kote kuwili, tofauti ya athi kati ya sehemu mbili itapitisha mkondo kwenye ngao na chaneli zitayumba kila kompresa ikiwaka.

Mahali pa sensa ya joto ni pale hewa inaporudi kwenye evaporeta, si mbele ya feni inayopuliza na si karibu na mlango. Wakati wa kuyeyusha barafu ya evaporeta hewa hupanda joto kwa muda, kwa hiyo kengele icheleweshwe dakika 30 hivi. Pima kwanza muda halisi wa kuyeyusha, uongeze dakika 10. Ukiweka kengele ya papo hapo, watu watazoea ujumbe na siku ya kweli hawatatazama simu.

Boksi liwe IP65 (lisiloingiza vumbi wala mrusho wa maji) au zaidi, la plastiki, glandi (viingilio vya kebo) zote zitazame chini, kebo ipindwe kidogo chini ya glandi ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vyake. Kebo inayotoka ndani ya chumba baridi ni bomba la unyevu: hewa ya nje ya Mombasa huingia humo, hugeuka maji na barafu. Ziba kwa povu pale inapopita kwenye paneli, pande zote mbili.

---

mitambo_kisauni

Bi Vipimo, hoja ya ofseti imeingia, na ya volti 12 pia. Nauliza tu: ALM ikiendelea kuwaka baada ya hayo yote?

---

Mawimbi_Msa

Kuna mbili, fundi. Kwenye vifaa vingi kengele hujifunga, haiondoki mpaka mtu aikiri (athibitishe kwamba ameiona) kwa kitufe au kwa ujumbe, hata kama sababu imeisha. Ikikiriwa na bado yawaka, tazama taa za chaneli moja moja. Chaneli zisizotumika za 4-20 husoma mA 0 na kuhesabiwa zimekatika, kwa hiyo zizime kwenye mipangilio. Usiziache wazi tu.

Kisha, Kaka Liwatoni, jaribu kila kengele kwa kuisababisha, si kwa kubonyeza kitufe cha majaribio. Chomoa waya mmoja wa sensa ya joto: taa ya chaneli hiyo iwe nyekundu na ujumbe ufike. Fungua mlango upitishe muda uliowekwa. Zima swichi ya relei ya fezi. Mwisho zima stima ya ofisi yote, uone kama kifaa kinabaki hai kwa betri na NET haibadili mwendo wake. Ujumbe wa kila jaribio ufike kwenye simu mbili tofauti, na saa iliyoandikwa humo iwe sawa na saa ya ukutani.